Baiskeli Iliyotiwa Mifupa

Kikula, mtaa wa mji wa Likasi huku Kongo, hakuna baiskeli inayotoka dukani ikaingia barabarani moja kwa moja. Anayefanya hivyo ni mgeni, au ni mtu asiye na ndugu wa kumshauri. Baiskeli mpya, hata kama bado imevikwa makaratasi yake, kwanza inapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Inaongezewa nondo kwenye uma wa mbele, inafungwa mabamba chini ya tandiko, inawekewa keria ambayo punda akiiona atamshukuru Mungu kwa kuumbwa punda. Hapo ndipo inapoweza kubeba magunia ya makaa kutoka upande wa Mulungwishi bila kupiga magoti njiani. Kazi hiyo tunaiita kutia mifupa, na aliyeifanya iwe kama sheria ni Mzee Haruna, mwenye duka la vipuri karibu na soko.

Haruna mwenyewe hapandi baiskeli. Tangu nimjue sijamwona juu ya tandiko hata siku moja, na hilo halijamzuia kuwa na maneno ya mwisho juu ya kila kinachozunguka kwa pedali. Wazee wake walitoka Kasongo na biashara yao, naye ameirithi biashara pamoja na ubishi. Mke wake alifariki zamani akamwachia watoto wawili, Karima na mdogo wake Idi. Karima alipewa jina la mama yake Haruna, kwa hiyo baba humwita binti yake "mama", na humtii kiasi hicho hicho, yaani anapotaka.

Karima alianza kuendesha kwa sababu duka lilihitaji mtu wa kupeleka spoki na minyororo kwa wateja wa vilimani. Baiskeli aliyopewa ilikuwa na mifupa, bila shaka. Msichana aliyezoea kupandisha mlima na rundo lile la chuma, siku akipewa baiskeli nyepesi ya mashindano anadhani amesahau kitu nyumbani. Aliwashinda wote Lubumbashi, akashinda tena mwaka uliofuata, akachukuliwa kwenda kufunzwa Uswisi. Huko ndiko walikogundua kwamba barabara ya lami inamchosha roho, ila ukimtupia matope, mawe na mteremko, anaamka. Wakamweka kwenye baiskeli za milimani wakati wa kiangazi chao, na wakati wa baridi wakamweka kwenye cyclo-cross.

Huo mchezo wa pili nimewahi kuwaeleza watu hapa sokoni, na wengi walidhani nawatania. Watu wanazunguka shambani kwenye tope na mchanga. Pale ambapo baiskeli haipiti, mshindani anaruka chini, anaibeba begani, anakimbia nayo hadi juu ya kilima, kisha anapanda tena. Tope likiizidi baiskeli, kuna mahali pamoja palipotengwa, paitwapo posti, ambapo msaidizi anamngoja na baiskeli nyingine safi. Anaitupa ya kwanza, anachukua ya pili, anaendelea. Wazungu wanasimama kwenye mvua wakila viazi vya kukaanga, wakishangilia watu wanaofanya yale ambayo wabeba makaa wetu wanayafanya kila siku bila kupigiwa makofi.

Karima alidumu kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka kumi. Hakuwa nyota. Mara nyingi alimaliza katikati ya kundi, huku kitambaa chake cheusi chini ya kofia kimelowa tope, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Alivunjika mfupa wa bega mara mbili. Kuna mashindano madogo ya Ubelgiji aliyowahi kushinda akapewa kikapu kizima cha nyama ya nguruwe, akamzawadia mwenye nyumba wake, ambaye tangu siku hiyo alimwombea ashinde kila Jumapili. Alizipenda siku hizo. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuna mahali alipojiona ni mtu kamili kama pale matope yanapomruka usoni na miguu inauma na bado kuna mzunguko mmoja.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kiongozi wa timu yake, Mbelgiji aitwaye Benoît, alimpigia simu mwezi wa kumi na mbili. Alisema kwa upole, lakini alisema. Shirikisho letu lilikuwa limetangaza ubingwa wa taifa wa cyclo-cross, Likasi, katikati ya Januari. Timu yenye fulana ya bingwa wa nchi inaalikwa kila mahali, kwa hiyo Karima akirudi na fulana hiyo, atapata mwaka mwingine. Akirudi bila hiyo, kuna msichana wa miaka kumi na tisa anayengoja nafasi yake.

Ndivyo Karima alivyofika kwa baba yake na baiskeli moja kwenye sanduku. Ya pili ilibaki Ubelgiji, kwa kuwa Benoît hakuwa na uhakika kama itakuwa na wa kuipanda.

Ilikuwa wiki ya mashindano. Alhamisi Karima alilazimika kwenda Mulungwishi kumwamkia mama yake mdogo aliyeolewa huko, maana kufika Likasi usimwone mama mdogo ni kutafuta maneno ya miaka. Haruna akamwomba aiache baiskeli dukani ili wateja waione. Karima akakubali, akaenda zake.

Haruna aliinua baiskeli ile kwa kidole kimoja. Kwanza alicheka. Halafu akaipiga kwa ukucha, nayo haikulia kama chuma, ikalia kama beseni la plastiki. Kicheko kikakatika. Kumbuka kwamba mara zote mbili mwanawe alipovunjika bega, mzee huyu alipata habari kwa simu, akakaa kitandani hadi adhuhuri bila kwenda dukani. Siku zote alijiuliza nini kilichomwangusha mtoto anayejua kuendesha namna ile. Sasa aliona ameshika jibu mkononi.

"Kumbe ni plastike!" aliwaambia waliokuwepo, na kwetu baiskeli huitwa kinga. "Njo maana anavunjikaka mifupa. Kinga yenyewe haina mifupa!"

Akaipeleka kwa Kalenga, fundi wa kuchomelea ambaye wamefanya kazi pamoja tangu ujana. Kalenga aliigusa hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Papa Haruna, hii haina chuma. Moto itaiunguza tu."

"Basi toboa. Tutafunga na boulons."

Wakatoboa. Uma wa mbele matundu manne, chini ya tandiko mawili. Kila tundu likapitishwa bolti, na bolti zikashika mabamba ya chuma pande zote mbili, yakakazwa kwa nguvu za watu wawili. Kazi ilikuwa safi, hilo siwezi kuwanyima. Waliyapaka mabamba rangi nyeusi ili yafanane na baiskeli yenyewe. Haruna akaisomea dua, akamlisha Kalenga wali na nyama, na hadi Ijumaa mchana soko zima lilikuwa limepita kuitazama.

Mtu asiyejua anaweza kuuliza ubaya uko wapi. Baiskeli ile ilikuwa ya kaboni, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Ukizikata nyuzi hizo, umekata nguvu yake. Uma uliotobolewa unaweza kushika wiki nzima, au ukakatika kwenye shimo la kwanza. Na unapokatika hautoi taarifa, kwa hiyo mwendeshaji anatua kwa uso.

Karima aliporudi Ijumaa jioni alimkuta baba yake amesimama mlangoni pa duka na kitambaa mkononi, anaifuta. Walikuwepo pia watu wanane au kumi, wamekaa kwenye mabenchi, wanangoja kuona furaha yake.

"Mama, angalia," Haruna alisema. "Sasa hautaanguka tena."

Karima alipita kidole kwenye bolti moja. Idi, aliyekuwa karibu, anasema dada yake alibadilika rangi ya midomo. Kisha akatabasamu.

"Aksanti, papa. Sasa iko nguvu kabisa."

Watu wakapiga makofi. Haruna akaagiza soda za wote.

Nyuma ya nyumba Karima alimweleza Idi jambo lenyewe, na Idi, ambaye humwita dada yake mkubwa yaya, alisema neno ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema.

"Yaya, umuambie."

"Bageni beko pale. Nitamuambia mbele ya bantu?"

"Bageni batarudia kwabo."

"Na akiniuliza juu ya nini nimesema aksanti?"

Wageni kweli walirudi kwao, na Karima bado hakusema. Jumamosi asubuhi walikunywa chai pamoja, baba na binti, hakuna mtu wa tatu, na hakusema. Kumpenda baba ni jambo jema, lakini hapa mimi namlaumu, na nimemwambia hivyo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Badala yake alimtafuta Joëlle. Huyo ni wa Lubumbashi, ndiye pekee aliyeweza kumpa Karima upinzani kwenye mashindano yale, na alikuja na baiskeli mbili. Wamejuana kambini tangu utoto wao kwenye mchezo. Joëlle aliposikia, alicheka mpaka akajishika kiuno, halafu akaacha kucheka.

"Nikikushinda juu ya fourche yako ya mbele imevunjika, bantu ba Lubumbashi batasema sikushinda muntu. Kamata vélo yangu ya pili."

Mpango ukawa mwepesi. Karima ataanza na baiskeli iliyotiwa mifupa na baba yake, mbele ya watu wote wa soko watakaojazana kwenye mstari wa kuanzia. Ataiendesha kwa tahadhari hadi posti, ambayo iko upande wa pili, nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo hakuna mtazamaji anayekwenda. Hapo Idi atakuwa na baiskeli ya Joëlle. Watabadilishana, na karibu na mwisho atairudia ile ya baba yake, avuke nayo mstari. Tope litakuwa limefunika kila kitu. Haruna atakuwa na ushindi wake, Karima atakuwa na fulana yake. Mpango mzuri sana, ila haukumhesabu Haruna.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na uwanja ulikuwa uji. Dakika chache kabla ya kuanza, msimamizi mmoja aliuliza nani aliyeiandaa baiskeli ya Karima. Watu wakamsukuma Haruna mbele. Yule msimamizi, kwa nia njema kabisa, akamfunga kitambaa cha mkononi cha fundi, akamwambia nafasi yake iko posti. Mzee alivuka tuta la reli na spana yake, kopo la mafuta, na furaha ambayo sijamwona nayo tangu ndoa ya mpwa wake. Nyuma yake wakaja watu wa soko, maana kama Haruna anaitwa fundi rasmi, nani atabaki mstarini? Wakapanga mstari kwenye kamba ya posti.

Idi alipowaona alijaribu. "Papa, rudia kule, hapa hauone kitu."

"Minye niko fundi," Haruna alisema, akamwonyesha kitambaa. Akaitazama baiskeli aliyoshika Idi. "Hiyo ni ya nani?"

"Ya Joëlle," Idi alisema, na haukuwa uongo.

Karima alitokea kwenye kona ya mzunguko wa kwanza akiwa pamoja na Joëlle, wamewaacha wengine mbali. Aliinua macho kuelekea posti, akamwona baba yake katikati ya njia, spana juu, soko zima nyuma yake. Hakuingia posti, akapita.

Mzunguko wa pili akapita tena. Joëlle alikuwa ametangulia kidogo, kwa sababu kwenye mteremko mkali Karima alikuwa anashuka kwa breki, na mara moja alishuka kabisa akatembea, jambo ambalo watu wa soko hawakulielewa. Uma ulikuwa umeanza kulia. Kila gurudumu lilipogonga jiwe ulitoa mlio mkavu, mfupi, na yeye aliijua maana yake. Aliogopa. Aliniambia kwamba katika miaka yote ile hajawahi kuogopa baiskeli, na siku ile aliiogopa.

Mzunguko wa tatu Joëlle alikuwa hata haonekani. Karima aliuona mwaka wake ukienda naye. Akakata kona akaingia posti.

Haruna alinyoosha mikono yote miwili. Alidhani bolti imelegea na mwanawe amemletea aikaze. Karima aliruka chini, akamwachia baiskeli mikononi, akachukua ile aliyoshika Idi, akaruka juu yake, akaondoka. Yote yalikuwa ni muda wa kupiga chafya.

"Eh, papa Haruna!" sauti ya mtu ikatoka kwenye kamba. "Mutoto amekutupia mifupa yako!"

Wakacheka. Kikula wanacheka kirahisi, na mara nyingi bila ubaya. Haruna hakucheka. Lakini pia hakukasirika, kwa sababu bado hakuwa ameelewa. Alikuwa ameona washindani wengine wakibadilisha baiskeli wakazirudia zikiwa safi. Akapiga goti. Akaifuta baiskeli kwa kanzu yake, maana kitambaa cha kufutia kilikuwa kimelowa. Akakaza bolti zote, moja baada ya nyingine, akatia mafuta mnyororo, akasimama na baiskeli kwenye mlango wa posti, ameishika kwenye usukani na tandiko, tayari, kama alivyoona wengine wanafanya.

Karima alikuja mzunguko uliofuata, pengo kati yake na Joëlle limepungua sana, akapita bila kugeuza uso.

Haruna akabaki ameishika. Mzunguko wa mwisho alikuwa bado pale, baiskeli inang'aa, na Karima akapita tena. Alikuwa amekusudia kuirudia, hilo naliamini, lakini Joëlle alikuwa mbele yake kwa urefu wa baiskeli mbili tu, na kubadilisha kungemgharimu kila kitu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alimgusa mzee begani. Haruna akakivua kile kitambaa cha fundi, akampa Idi, akaikokota baiskeli kwenye tope kuelekea nyumbani, watu wakampisha njia.

Karima alimpita Joëlle kwenye kilima cha mwisho, kwa miguu, baiskeli begani, mahali ambapo hakuna mtu duniani wa kumfundisha binti wa Kikula. Alivuka mstari peke yake, mikono juu. Walimvika fulana yenye rangi za taifa. Wakapiga picha nyingi. Benoît alituma neno moja kwenye simu: *Continuons*. Tuendelee. Karima akalisoma, akatazama kwenye umati, akamwona Idi amesimama peke yake na kitambaa cha baba yao mkononi.

Alirudi nyumbani kwa miguu, hajabadilisha nguo. Duka lilikuwa limefungwa. Haruna alikuwa uani, ameigeuza baiskeli juu chini, na anafungua mabamba. Alikuwa amekwisha kuyatoa mawili. Kwenye uma, kati ya tundu na tundu, ulikuwa umepita ufa mweusi ambao hata asiyejua kaboni angeuona.

Hakuinua kichwa. Aliweka kidole kwenye tundu moja.

"Hii inazibaka na nini?"

"Haina dawa, papa. Ukitoboa, imekufa."

"Ilikuwa itavunjika?"

"Ndiyo."

"Na weye juu yake."

Haruna akaiweka spana chini.

"Basi ni minye nilikuwa nakuua."

"Haukujua, papa."

"Minye sikujua. Weye ulijua. Tangu vendredi, mbele ya bageni, ulijua."

"Nilijua."

"Na ulisema aksanti."

Karima alilia. Alisema hakutaka kumtia aibu mbele ya wageni, kwamba baba alikuwa na furaha kubwa mno, kwamba alifikiri jambo lenyewe litafichika, na kwamba alimwona pale posti kila mara alipopita, kila mara, hata alipojifanya hatazami. Haruna alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Ungeniambia hapa mu parcelle yetu," alisema, "hii haya ningeipata mbele ya muntu moya, na ule muntu ni mutoto wangu. Ningeimeza. Sasa iko mu soko muzima, mama. Nitaimeza namna gani?"

Akaokota spana, akaishika bolti iliyofuata. Gurudumu likawa linazunguka kila alipokaza mkono, spana inateleza. Karima akaketi chini kwenye tope na fulana yake mpya, akalishika gurudumu lisizunguke, na baba yake akaendelea kufungua.